Nilipoishia Kusoma: Namna Nilivyochagua Programu ya Mastodon

Kwa karibu mwaka mzima simu yangu ilikuwa na programu tano zinazofanya kazi ileile. Zote zilifungua akaunti moja, zilionyesha machapisho ya watu walewale, na chochote nilichokiandika katika mojawapo kilionekana katika nyingine nne. Rafiki aliyeishika simu hiyo aliniuliza kwa mshangao kama nilikuwa nimesahau kuzifuta. Sikuwa nimesahau, nilikuwa sijaamua. Kwa mtu aliyezoea mitandao inayomilikiwa na kampuni moja, ambako programu na mtandao ni kitu kimoja chenye jina moja na nembo moja, hali hiyo huonekana kuwa ni kujaza simu bila sababu. Kwa anayetumia Mastodon, mtandao wa kijamii usio na mmiliki mmoja, ni jambo la kawaida, nalo lilinilazimisha kufikiri, kwa makini kuliko nilivyokusudia, ninataka nini hasa kutoka kwa programu ya kusomea.

Nieleze kwanza kwa nini uchaguzi huo upo. Mastodon ilianzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko, nchini Ujerumani, na tangu mwanzo haikujengwa kuwa tovuti moja. Ni mfumo huria ambao mtu binafsi, chama au taasisi yoyote inaweza kuusimika kwenye seva yake, yaani kompyuta inayohifadhi akaunti na machapisho, na seva hizo huwasiliana kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) iitwayo ActivityPub, ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliipitisha kuwa pendekezo rasmi mwezi Januari 2018. Akaunti yangu iko katika seva moja ndogo, lakini ninawafuata watu walio katika seva nyingi ambazo sijawahi hata kuzifungua. Kila seva ina mlango ulioachwa wazi kwa programu za nje, na maelezo ya namna ya kubisha hodi katika mlango huo yamechapishwa hadharani, hivyo mtu anayetaka kuunda programu mpya ya simu hahitaji kumwomba mtu ruhusa kabla ya kuanza kazi.

Thamani ya mlango huo ilidhihirika Januari 2023, pale Twitter, miezi michache baada ya kununuliwa na Elon Musk, ilipozifungia nje programu zilizokuwa zimeundwa na watu wengine kwa ajili ya kuusoma mtandao huo. Tweetbot, iliyokuwa na wapenzi wake tangu mwaka 2011, ilizimika, na Tapbots walioiunda wakageukia Mastodon na kutoa programu ya iPhone iitwayo Ivory mwezi huohuo. Mwaka huo haukuisha kabla Reddit nayo haijaanza kutoza programu za nje gharama ambazo wengi wa waundaji wake hawakuweza kuzibeba. Apollo, programu ya kuisomea Reddit, ikafungwa tarehe 30 Juni, na baadhi ya wasomaji wake wakahamia Lemmy, mtandao mwingine unaotumia ActivityPub, ambako walikuta programu iitwayo wefwef, leo Voyager, iliyofanana na Apollo kiasi cha kuwafanya wajihisi nyumbani. Nimeyataja hayo kwa sababu watu wengi niliokutana nao katika Mastodon walifika kwa njia hiyo: walichokuwa wamepoteza ni programu waliyoipenda, na mtandao wenyewe walikuwa wameuchoka zamani.

Zile tano zangu zilikuwa programu rasmi ya Mastodon, Tusky, Fedilab, Moshidon, na Phanpy, ambayo hufunguliwa kwenye kivinjari na kisha kubandikwa kwenye skrini ya simu kama programu nyingine yoyote. Ninatumia Android, kwa hiyo Ivory na Ice Cubes, ambazo wenye iPhone huzisifu, nimeziona tu mikononi mwa wengine. (Majina yenyewe yanachekesha ukiyatazama kwa pamoja. Mastodon ni mnyama wa kale wa jamii ya tembo aliyekwisha kutoweka, na waundaji wa programu wameng'ang'ania pembe zake: Tusky imetokana na neno la Kiingereza la pembe ya ndovu, na Ivory ni pembe yenyewe ikiwa bidhaa.)

Kipya kinyemi, na wiki za mwanzo nilivutwa na mambo ya juujuu, kama vile rangi, umbo la vitufe na namna picha zinavyofunguka. Nilihama kutoka programu moja kwenda nyingine kwa sababu kitufe cha kuandika kilikuwa upande wa kidole gumba. Sioni aibu kukiri hilo, kwa kuwa kuhama hakukunigharimu kitu. Unapoingia kwa mara ya kwanza, programu inakuuliza jina la seva yako, kisha inakupeleka kwenye ukurasa wa seva hiyo, na huko ndiko unakoandika neno la siri. Programu yenyewe hailioni neno hilo, inapewa tu idhini. Idhini hizo huorodheshwa katika mipangilio ya akaunti, na yoyote unayoichoka unaifuta. Nawashauri wanaojaribu programu nyingi wakumbuke kuitembelea orodha hiyo, maana kuiondoa programu kwenye simu na kuifutia idhini ni mambo mawili tofauti. Mimi nilikuta humo majina sita, na moja sikumbuki niliingia lini.

Kilichonitoa katika mambo ya vitufe ni kosa nililolifanya asubuhi moja. Mtu ninayemfuata alikuwa ameandika kwamba hataonekana kwa siku kadhaa na kwamba anawashukuru wote. Nikamjibu kwa mzaha, nikimuuliza kama amechoka nasi au ameshinda bahati nasibu. Nilipoteremka kidole zaidi, kiasi cha machapisho thelathini, nikakuta alichokiandika usiku: alikuwa amefiwa na mama yake. Nilifuta jibu langu na kumwandikia faraghani kuomba radhi, naye alikuwa muungwana. Lakini nilibaki nikijiuliza imekuwaje nisome shukrani kabla ya msiba, na jibu lilikuwa rahisi mno: programu niliyokuwa nikiitumia siku hiyo ilinifungulia juu kabisa, kwenye chapisho jipya kuliko yote, nami nikawa nasoma usiku wa watu kinyumenyume.

Katika mitandao inayopangwa na kanuni za kukisia kile tunachokipenda, suala hili halina uzito, kwa sababu hakuna mpangilio wa kupotoshwa. Chapisho la juzi linaweza kukaa juu ya chapisho la sasa hivi na hakuna anayeshangaa. Mtiririko wa nyumbani wa Mastodon haupangwi hivyo. Machapisho ya watu unaowafuata huja kwa kufuata saa, bila tangazo linalopenyezwa katikati, na kwa hiyo mtiririko huo una mwanzo na una mwisho. Nikilala saa nne nikaamka saa kumi na mbili, kuna idadi fulani ya machapisho yaliyoandikwa kati ya saa hizo, pengine sitini, pengine mia na ishirini, na nikishayasoma nimemaliza. Hiyo ndiyo sifa ya mtandao huu ninayoipenda kuliko zote, nami nilikuwa nimeiweka mikononi mwa programu isiyoijali.

Nilianza kuzichunguza tano zile kwa swali moja tu: nikikufungua baada ya muda wa saa nane, unaniweka wapi? Swali hilo lina ugumu wa kiufundi ambao sikuufahamu hapo awali. Seva ya Mastodon haimpi mtu mtiririko wake wote kwa mara moja. Programu huomba kipande kwa kipande, na kwa kila ombi seva hutoa machapisho yasiyozidi 40. Sasa fikiria programu iliyohifadhi ulichokisoma jana usiku. Asubuhi inaomba kipande, inapewa machapisho 40 mapya kabisa, inayaweka juu. Kati ya arobaini hayo na yale ya jana kuna shimo, na katika shimo hilo yamo machapisho ya saa hizo nane ambayo bado hayajaletwa. Programu moja itakurusha juu na kukuacha uteremke mpaka ulikumbe shimo; nyingine itatupa ya jana yote na kuanza upya, kana kwamba hujawahi kusoma chochote.

Tusky inakubali kwamba shimo lipo. Inakuacha pale ulipokuwa jana, na mahali shimo lilipo inaweka mstari wa kubonyeza ili kupakia zaidi. Hadi hapo haina tofauti kubwa na wenzake. Lakini katika mapendeleo yake kuna kipengele kiitwacho mpangilio wa kusoma, chenye chaguo mbili: mapya kwanza, au ya zamani kwanza. Ukichagua la kwanza, kubonyeza mstari ule kunakupeleka kwenye ukingo wa juu wa shimo, na unalazimika kuteremka. Ukichagua la pili, unabaki kwenye ukingo wa chini, jirani na chapisho la mwisho ulilolisoma, na machapisho yaliyoletwa yanapangwa juu yako. Unapandisha skrini taratibu, unasoma swali kabla ya jibu na msiba kabla ya shukrani, mpaka unafika juu na hakuna kilichobaki. Mtu anayefungua mapendeleo kwa mara ya kwanza anaweza kulipita jambo hili kwa urahisi, maana liko kimya miongoni mwa ukubwa wa maandishi na rangi ya mandhari. Kwangu ndilo lililomaliza shindano.

Wanaotumia Ivory hunieleza kwamba nayo hushika mahali walipoishia, na hata huhamisha alama hiyo kutoka simu hadi kompyuta kupitia iCloud. Ningekuwa na iPhone, huenda makala hii ingekuwa na jina jingine, ingawa Ivory hulipiwa usajili ilhali Tusky hutolewa bure chini ya GPL toleo la 3, leseni ya programu huria, na hutunzwa na watu wanaojitolea.

Baada ya kupata jibu la swali langu kuu, mambo mengine niliyapima kwa upole zaidi, na Tusky haikushinda katika yote. Chukua majibu yanayopotea. Kwa kuwa kila seva hujua tu kile kilichoifikia, ninapofungua mazungumzo yaliyoanzia seva ya mbali huenda nikaona majibu matatu, wakati mwenye chapisho anaona ishirini. Mgeni hudhani watu wamenyamaza, kumbe wanazungumza chumba cha pili. Matoleo ya karibuni ya Mastodon yameanza kuliziba pengo hilo upande wa seva, lakini kabla ya hapo kila programu ilikuwa na ujanja wake, na Fedilab ndiyo niliyoiona ikijitahidi zaidi, kwa sababu inaweza kwenda kuyachukua mazungumzo kwenye seva yalikoanzia. Fedilab ina mambo mengi mno. Inafungua pia akaunti za Pixelfed na PeerTube, mitandao ya picha na video, ina mipangilio ndani ya mipangilio, na kila nilipoifungua nilihisi kama mtu aliyeingia katika karakana ya fundi kutafuta bisibisi moja. Kuna watu wanaoipenda kwa sababu hiyohiyo, na siwalaumu.

Programu rasmi, iliyotoka mwaka 2021 kwa iPhone na 2022 kwa Android, imekaa upande wa pili kabisa. Ilipoanza haikuonyesha mtiririko wa machapisho ya seva yako wala ule wa seva zote zinazojuana nayo, na uamuzi huo uliwaudhi sana wenyeji wa mtandao, hasa wale wa seva ndogo ambako mtiririko wa seva ndio uwanja wa kukutania. Nilielewa sababu yake, kwa maana mgeni anayekutana na mitiririko mitatu siku ya kwanza hukimbia. Kwa aliye katika seva ndogo yenye watu wanaojuana, hata hivyo, ilikuwa sawa na kupewa nyumba isiyo na baraza. Moshidon na ndugu yake Megalodon zilizaliwa humo humo: watu walichukua msimbo wa programu rasmi ya Android, ulio huria, wakarudisha vilivyokosekana na kuongeza vyao. Megalodon, kwa mfano, humkumbusha mwandishi pale anapotaka kutuma picha bila maelezo ya maandishi, yale yanayomsaidia msomaji asiyeona. Nilijifunza tabia hiyo kutokana na ukumbusho huo na sasa siihitaji tena, jambo ambalo nadhani ni sifa kwa walioufikiria.

Kuhusu arifa nitasema machache. Ukitaka arifa zikufikie papo hapo bila kupitia Google, Tusky huweza kutumia UnifiedPush, njia huria ya kuleta arifa, mradi uwe umesimika programu nyingine, kama ntfy, ya kuzipokea. Usipofanya hivyo, Tusky huuliza seva yenyewe takriban kila baada ya dakika 15. Mimi nimeridhika na dakika 15. Hakuna jibu nililowahi kupewa katika Mastodon ambalo lingeharibika kwa kusubiri robo saa, na betri inanishukuru.

Kuna jambo moja ambalo wachaguzi wa programu hulisahau, nami nililipuuza mpaka nikasoma historia. Mwaka 2019 Gab, mtandao uliokuwa umejulikana kwa kuwahifadhi watu wa siasa kali za mrengo wa kulia, uliacha mfumo wake na kuhamia msimbo wa Mastodon. Msimbo ni huria na hakuna aliyeweza kuuzuia. Seva nyingi zilikata mawasiliano nao, na waundaji wa Tusky wakaongeza hatua yao: mtumiaji aliyejaribu kuingia Gab kwa kutumia Tusky alijikuta akipelekwa kwenye video ya muziki ya mzaha inayojulikana mno mtandaoni. Fedilab haikufuata mkondo huo. Msimamo wake ulikuwa kwamba kazi ya kuzuia ni ya wasimamizi wa seva. Mjadala ulikuwa mkali, na kila upande ulikuwa na hoja. Binafsi ninaona waundaji wa Tusky walikuwa na haki ya kukataa, kwa kuwa hawakumnyima mtu mtandao. Walimnyima kazi ya mikono yao, na msimbo wao uko wazi kwa yeyote anayetaka kuuchukua na kuufuta mstari ule. Hata hivyo tukio hilo lilinionyesha kwamba ninapochagua programu ninachagua pia watu wanaoiamulia, na kwamba watu hao wanaweza kutofautiana. Walitofautiana kweli: mwaka 2023 mmoja wa wachangiaji wa Tusky alijitenga na kuanzisha Pachli kwa msimbo uleule. Niliijaribu kwa wiki mbili, nikaiona nzuri, kisha nikarudi nilikozoea bila sababu ninayoweza kuitetea.

Simu yangu sasa imebaki na mbili. Moshidon na ile rasmi ziliondoka kwanza, Fedilab ikafuata baada ya kusitasita kwingi, na idhini zake zote nimezifuta kule kwenye akaunti. Tusky ndiyo ninayoifungua kila asubuhi, nikaanzia nilipoishia na kupanda. Phanpy imebaki kwa ajili ya siku ambazo kanuni yangu inashindwa, nazo zipo. Nikikaa siku tatu bila kusoma, Tusky inanirudisha kwa uaminifu mahali nilipokuwa siku tatu zilizopita, na mstari wa kupakia zaidi unageuka kuwa deni: ninabonyeza, ninasoma arobaini, ninabonyeza tena, na watu ninaowasoma bado wako Jumanne wakati mimi niko Ijumaa. Seva nayo haihifadhi mtiririko wa nyumbani bila kikomo, kwa hiyo kuna wakati hata huo ukingo wa chini haufikiki tena.

Phanpy ina kipengele kilichofikiriwa kwa hali ya namna hiyo. Unaitajia saa unazotaka kuzirudia, inakusanya machapisho ya kipindi hicho, kisha inayapanga kama barua katika kisanduku cha barua pepe, ambamo unaweza kuyatenga kwa mwandishi, kuyaficha yaliyosambazwa tu, au kubaki na yale yaliyoandikwa na wenyewe. Ninaanza na majina manane au tisa ya watu ambao habari zao sitaki zinipite, akiwemo yule niliyemjibu vibaya, kisha ninafungua Tusky, ninabonyeza kitufe cha kwenda juu, na kuyaacha ya Jumanne bila kuyasoma.